Simu Haigusi Mguu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na mkokoteni. Nilikuwa hamali wa Darajani, nabeba magunia ya mchele na makabati ya watu, na skuli sikuvuka darasa la nne. Siku hiyo nateremsha kabati kwenye uchochoro wa Mji Mkongwe, nikaona kijana wa koti jeupe anatolewa mbio na bibi mwenye ufagio. Alikuwa daktari kutoka bara, amekuja kutafiti kichocho, yale maradhi ya kukojoa damu. Kosa lake ni kupiga hodi moja tu kisha akasukuma mlango. Nyuma yake alisimama mkubwa wake, Bwana Afya, mtu mzito wa kanzu na kofia, anacheka mpaka machozi yanamtoka.

"Wee hamali," Bwana Afya akaniita, "unaweza kumwingiza huyu ndani?"

"Huyu naweza kumwingiza hata peponi," nikamjibu.

Nikaacha mkokoteni. Nikasimama ubavuni mwa mlango, maana ukisimama mbele unachungulia nyumba ya watu. Hodi ya kwanza nikapiga nikanyamaza. Ya pili nikataja jina langu na la mama yangu. Ya tatu sikuifikia, bibi alishafungua: "Ala! Mtoto wa Bi Mize! Karibu baba, karibu." Kabla ya adhuhuri kahawa tulishakunywa, na watoto wa nyumba ile wote walishatoa mkojo kwenye vikopo.

"Machano," akasema Bwana Afya tulipotoka, "kesho njoo bila mkokoteni."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika utafiti wa tiba. Leo vijana mnasoma mpaka macho yanawauma, lakini nakwambieni, wanafunzi wa uzamili na uzamivu waliofanya kazi kisiwani humu, mimi ndiye niliyewafungulia milango. Nisingekuwepo mimi, wengi wao wangetibiwa majeraha ya ufagio.

Kazi yangu kwenye karatasi iliitwa mwelekezaji. Watu wa mitaani waliniita Machano Hodi. Nilikuwa na mambo matatu ya kujua. La kwanza ni ridhaa, yaani mtu akubali kwa hiari yake kupimwa, baada ya kuelezwa, wala si kwa kuona haya. La pili ni dodoso, yale maswali yaliyopangwa ambayo kila mtu lazima aulizwe sawasawa na mwenziwe. La tatu hawakunifundisha wao: ukaaji. Ukiingia nyumba ya mtu, unakaa. Unaulizwa ya nyumbani, unauliza ya nyumbani, kahawa inakuja, mvua inasemwa, mjukuu anasifiwa. Ugonjwa unakuja wenyewe baadaye, unatambaa mkekani kama mtoto.

Kwa Bwana Afya nilikaa miaka mingi, tukazunguka mashamba yote ya Unguja kwa kichocho. Alipostaafu nikahamia kwa Mratibu wa Utafiti, mama mkali aliyepima uzito wa watu kwa macho tu. Yeye alinipeleka Kizimkazi kwa wazee, kisha Kendwa kwa vijana wa mahoteli, kote kwa ajili ya presha. Mjini nikamwingizia wanafunzi wake mpaka nyuma ya maduka ya Wahindi. Muhindi mmoja wa vitambaa alikataa katakata kufungwa ule mkanda wa presha mkononi, mpaka nilipofungwa mimi kwanza mbele yake. Presha yangu ikaonekana nzuri kuliko ya daktari. Mratibu alisema, "Machano, wewe una moyo wa punda." Nilimshukuru. Punda ni mnyama wa kazi.

Sasa nije kwa Rukia, maana huyu ndiye niliyekusudia kumsema.

Rukia alikuwa mwanafunzi wa uzamili, mtoto wa Chake Chake, mwembamba, sauti yake ndogo, lakini akishika jambo haliachi. Utafiti wake ulikuwa juu ya miguu ya wazee wenye sukari. Sukari ikikaa sana mwilini inaua hisia za nyayo. Mtu anakanyaga kaa la moto wala hana habari, kidonda kinaingia, mguu unakatwa. Rukia alitaka kuwajua mapema wale ambao nyayo zao zimeshaanza kufa, kabla ya kidonda. Ufadhili wake ulikuwa na mwisho. Ukipita bila kazi kukamilika, anarudi Pemba mikono mitupu.

Chombo chake kilikuwa kidogo mno: uzi mgumu wa nailoni uliochomekwa kwenye kijiti. Mzee anafumba macho, Rukia anaugusisha uzi kwenye wayo mpaka unapinda, na mzee akihisi anaitika "naam", kama mtu aliyeitwa. Fumbo la kazi hii ni kwamba mtu hawezi kujigusa mwenyewe. Mkono unauambia mguu kabla haujafika. Lazima uguswe na mwingine.

Mzee mmoja wa Michenzani, Mzee Kombo, fundi cherehani, akaaye peke yake kwenye ghorofa ya juu, alikuwa akiitika kabla hajaguswa.

"Naam!"

"Mzee, bado sijakugusa," Rukia anasema.

"Nshajua unakuja, mwanangu. Nakupunguzia kazi."

Nilicheka, naye Rukia akacheka, akaandika kwamba huyu apimwe tena siku nyingine. Siku hiyo haikuja. Korona ikaja.

Chuo kikafungwa. Ikatoka amri: watu wakae mbalimbali, barakoa usoni, ndoo ya maji na sabuni kila mlango, na mtafiti yeyote asiingie nyumba ya mtu wala kumgusa. Mimi sikuipinga. Wazee ndio waliokuwa wakifa zaidi kuliko wengine, na mtu anayezunguka nyumba hadi nyumba ndiye anayebeba maradhi. Lakini fikirini: mtu ambaye kazi yake yote ni hodi, ameambiwa asipige hodi. Nilikuwa naamka asubuhi, navaa viatu, nakaa kitini. Marehemu mke wangu alishatangulia kabla ya hapo, na watoto wako Kendwa, mahoteli yamefungwa na wao wamebaki hukohuko. Nyumba nzima sauti ni ya jokofu.

Wanafunzi wa Mratibu wakasambaratika. Aliyekuwa anapima pumzi za watu aliambiwa pumzi ndiyo hasa isiyotakiwa, akarudi kwao. Mwengine sampuli zake ziliharibika hospitali ikiwa haina nafasi ya mambo yake. Rukia akabaki, kichumba chake kiko Mlandege, hana anayemtembelea. Profesa wake msimamizi, ambaye sasa alikuwa uso kwenye simu unaoganda mara kwa mara, akamwambia: "Badilisha. Waulize kwa simu. Una ganzi? Una kidonda? Unahisi nyayo? Tutatumia hayo."

Namba za wazee zote nilikuwa nazo mimi. Tukakaa barazani kwangu Michenzani, yeye upande huu mimi upande ule, katikati ndoo ya maji. Nampigia mzee, nasalimia, kisha Rukia anauliza kwa sauti ya kupaza kupita barakoa.

"Shikamoo mzee. Miguu yako vipi, ina ganzi?"

"Marahaba mwanangu. Aa, salama, alhamdulillahi."

"Kidonda je?"

"Mzima kabisa. Nyinyi hamjambo huko?"

Wazee wote wakawa hivyo. Nilifurahi. Kazi inakwenda, hatupandi ngazi, hatupigwi na jua. Siku moja Rukia aliweka kalamu chini.

"Ami Machano, hawa watu hawawezi kuwa wazima wote."

"Kwa nini wasiwe? Watu wangu hawasemi uongo, binti."

"Sijasema uongo. Ami, wewe mtu akikupigia simu akikuuliza hujambo, unajibu nini?"

"Sijambo."

"Hata ukiwa unaumwa?"

Nani anamwambia mtu wa mbali kwamba anaumwa? Ataanza kuhangaika, na hana la kufanya. Jibu la simu ni la kumpumzisha anayepiga.

"Basi hawa wameniitikia salamu," akasema Rukia. "Hawajanijibu." Akavua miwani akaifuta muda mrefu, kwa ukungu wa barakoa au kwa jengine, sikumuuliza. "Na nikipeleka haya, nimeandika kwamba Unguja nzima haina mguu mbovu. Nikiacha kupeleka, sina kitu."

Nilimkorogea chai nikaiweka juu ya ukuta, nikarudi nyuma ndiyo akaja akaichukua. Hivyo ndivyo tulivyokaribishana mwaka ule.

Njia aliipata mwenyewe. Alimwandikia Profesa na kamati ya maadili, wale wanaopitisha kila utafiti ili watu wasidhurike, akaomba hivi: yeye asimame nje ya mlango, asivuke kizingiti, na mtu wa ndani ya nyumba, mke, mume, mtoto, ndiye amguse mzee vidole vya miguu kwa ncha ya kidole chake, taratibu, huku yeye anatazama na kuhesabu naam. Wakamkubalia kwa sharti moja: yeye au mwelekezaji wake akivuka kizingiti chochote, kazi inasimamishwa.

Basi nikapata tena hodi zangu. Tulipanda ngazi za Michenzani, nyumba kwa nyumba. Wake waliwagusa waume zao wakaona haya wakacheka. Wajukuu waligusa, wazee wakaitika, wengine hawakuitika, nyuso zikabadilika. Rukia alisimama nje kwenye ukumbi wa ghorofa, ananyoosha shingo kama kuku.

Tukafika kwa Mzee Kombo. Nikapiga hodi.

"Karibuni, karibuni! Ingieni!"

"Hatuingii, mzee," Rukia akasema. "Amri. Habari za miguu?"

"Mzima kama chuma."

"Nani yupo ndani akuguse vidole?"

Mzee Kombo akaangalia nyuma yake, kama mtu anayetafuta kweli. Ndani kulikuwa na cherehani, vipande vya kitambaa sakafuni, na kiti kimoja.

"Labda paka," akasema. "Lakini na yeye kahama, hakuna samaki."

Hakuna aliyecheka. Rukia akamwomba akae, ainue mguu, yeye auangalie tu kwa mbali. Mzee akainua. Jua la nje likaingia mlangoni, na kwenye wayo, chini ya kidole kidogo, kitu kikametameta.

"Mzee," Rukia akasema, "una pini mguuni."

"Hapana. Mzima, alhamdulillahi."

Pini ya ushonaji ilikuwa imezama mpaka kichwani, na pembeni yake nyama imegeuka rangi. Alikuwa akiitembelea, hatujui tangu lini. Nikamuona Rukia ameinua mguu wake juu ya kizingiti. Uko hewani. Mbele yake mzee, nyuma yake masomo yote ya maisha yake.

"Rudisha mguu," nikamwambia. Nikavua kitambulisho changu cha utafiti shingoni nikamtupia. "Mimi si mwelekezaji tena, ni jirani. Nakaa jengo la pili. Mzee Kombo, hodi!"

"Karibu, baba."

Nikanawa, nikafunga barakoa vizuri, nikaingia, nikapiga goti sakafuni. Rukia akaniongoza kutoka mlangoni: usiing'oe, funga kitambaa safi, mguu usikanyage. Nilipoushika ule mguu, Mzee Kombo alinitazama usoni, wala si mguuni.

"Mkono wako una joto," akasema. "Siuhisi huko chini, lakini nauona. Tangu maradhi haya yaingie hajanigusa mtu."

Nilimbeba mgongoni mpaka chini. Hamali ni hamali. Hospitali walimkata kidole kimoja, mguu ukapona. Kazini sikurudi. Mratibu alinipigia, akasema sharti limevunjwa na aliyelivunja si mwanafunzi, hivyo Rukia aendelee na mimi nipumzike. "Punda wangu," akaniambia, na sauti yake haikuwa kali.

Rukia aliyatupa yale majibu yote ya simu, akaandika sura nzima kueleza kwa nini mtu wa hapa asiulizwe ugonjwa kwa simu. Alichelewa, ufadhili ukaisha, akamalizia kwa kufundisha tuisheni jioni. Shahada akaipata. Sasa yuko hospitali hapa hapa mjini, miguu ya watu inamngoja foleni. Mzee Kombo alifariki mwaka jana, kwa uzee tu, na miguu yake miwili.

Mimi ndiyo nshastaafu, kabla ya mvi kunimaliza. Watafiti wa siku hizi wana vishikwambi, wanatuma maswali yaende yenyewe. Sina ugomvi nao. Nawaambieni tu, mkipata mlango, kaeni kidogo.

Juzi Ijumaa Rukia alinipigia, kama kawaida yake. Nilikuwa nimekaa kiti changu, jokofu linaimba. Sukari na mimi imeniingia, na vidonge nameza.

"Ami, hujambo? Miguu vipi?"

"Mzima kama chuma," nikasema.

"Haya, wagonjwa wananingoja," akasema, akakata. Nikavua soksi. Nikafumba macho, nikajigusa kidole kidogo. "Naam," nikasema kwa sauti, na nyumba yote ikanisikia. Lakini hilo si jibu. Mkono ulishauambia mguu.

Nikaichukua simu nikampigia mimi.

"Naam, Ami?"

"Rukia," nikamwambia, "nimekuitikia salamu tu. Ukitoka kazini pita, uje na ule uzi wako."