Vitanda vya Kuazima

Kozi yetu ya uuguzi kule chuoni Kitale ilikuwa bado haijaidhinishwa, na wakaguzi walikuwa njiani. Chumba cha mazoezi kilikuwa kitupu. Basi mkuu wetu akaazima vitanda vya wodi kutoka hospitali moja Bungoma, vikaletwa kwa lori. Tukavitandika shuka nyeupe, pembe tukazikunja vile tulivyofundishwa. Wakaguzi wakasifu. Upuzi mtupu!

Kesho yake nikaenda Bungoma kumwona kukhu, nyanya yangu, aliyelazwa kwa nimonia. Nilimkuta sakafuni, amelalia leso yake.

“Ati vitanda vimeenda kutengenezwa,” akasema huku akikohoa. “Na nyinyi, mjukuu wangu, wakaguzi waliwapitisha?”

“Walitupitisha, kukhu.”

Akanishika mkono. “Basi Mungu ni mwema.”