Mama Sekela Alikuja Kuazima Kitabu

Usiku wa kuamkia siku ile ya fundi nililala mapema, moyo umetulia. Asubuhi alikuwa anakuja na mashine yake ya kuchomelea, aweke wavu wa chuma kati ya kaunta yetu na rafu za vitabu, kutoka sakafuni hadi darini. Mimi ndiye mkutubi mkuu wa maktaba ya umma ya mji wetu, mji wa milimani ambako mwezi wa saba watu huvaa sweta mbili, na wavu ule nilikuwa nimeuomba kwa barua tatu. Nilipovuta blanketi nilijiona mtu aliyemaliza kazi. Basi ndipo Mama Sekela akaja, naye ana miezi minane kaburini.

Mama Sekela ndiye aliyekalia kiti changu kabla yangu. Alianza kazi kwa kufuta vumbi rafuni enzi za kisomo cha watu wazima, akastaafu akiwa kwenye kiti hicho na pia kiongozi wa maktaba za mkoa mzima, na katika miaka yote hiyo alikuwa na neno moja tu, ambalo alilisema mpaka wakubwa wakawa wanamkwepa kwenye korido: maktaba ni shule. Halmashauri ilikuwa ikituweka kwenye ajenda za utamaduni na michezo, baada ya mpira wa miguu na kabla ya ngoma. Yeye anaingia kikaoni na koti lake la sufu la kijani, anangoja wamalize habari za magoli na jezi, kisha anasimama. "Waheshimiwa, mimi ni wa elimu. Mmenikalisha pasipo pangu." Wanacheka. Kikao kinachofuata anasimama tena. Ilichukua miaka mpaka wakamhamishia upande wa elimu, na mimi nadhani walifanya hivyo kwa kuchoka.

Chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo, alikigeuza darasa la watu wazima. Walimu wakuu aliwafuata shuleni kwao mpaka wakakubali kuleta watoto. Vijiji visivyo na maktaba alivipelekea sanduku la vitabu kwa gari la maziwa, lile linalopanda asubuhi na madebe matupu. Na sisi wa kaunta alitupa sheria moja: mtu akiingia, asiulizwe chochote kabla hajagusa kitabu. Azunguke rafuni mwenyewe, achomoe, afunue, arudishe vibaya akitaka. "Kukirudisha mahali pake ndiyo kazi yako wewe," aliniambia wiki yangu ya kwanza. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi niliyeshindwa kutuliza darasa, nimehamishiwa kwake kama mzigo, naye alinipokea bila kuuliza nimeshindwa nini. Kila ninachokijua cha kazi hii nilikipata kwake.

Sasa niseme nilichofanya. Alipostaafu nikashika nafasi yake, na vitabu vikaanza kunitoka. Kamusi zilipotea. Vitabu vya sekondari vilichanwa kurasa za katikati. Mimi ni mtu wa mpangilio, kitabu kikikosekana chakula hakipiti, kwa hiyo nikafunga rafu. Nilianza na kamba, nikaja na meza, mwishoni nikamweka karani: msomaji anaandika jina la kitabu kwenye kikaratasi, anangoja, analetewa. Tangu hapo hakijapotea hata kimoja, na wakubwa walinisifu.

Wakati huo Mama Sekela alikuwa mgonjwa wa kitandani, miguu imevimba, hatoki nje. Nilikuwa nikienda kumwona kila Jumapili. Jumapili ya mwisho alinishika mkono akaniuliza, "Rafu bado ziko wazi?" Nikamjibu, "Ziko wazi, mama." Akafumba macho, akatabasamu. Alhamisi yake tukamzika.

Katika ndoto nilikuwa kaunta, na ulikuwa mchana, ingawa ukungu ulikuwa umeingia ndani ya jengo na kukaa juu ya meza. Ukumbi ulikuwa umejaa kuliko nilivyowahi kuuona. Wazee, akina mama wenye vitenge mabegani, wanafunzi wa sare nisizozijua, wote wameketi bega kwa bega, mikono juu ya meza, na hakuna mwenye kitabu. Hakuna anayekohoa. Nami, Mungu anisamehe, nilichokiona kwanza ni ule utulivu, nikafurahi. Nikajisemea, leo wamenyamaza vizuri.

Kisha nikamwona yuko mbele yangu, upande wa wasomaji. Koti lile lile la kijani, limelowa mabegani. Alikuwa amekonda, uso wa mtu aliyetembea mwendo mrefu bila kula. Nikasimama haraka. "Shikamoo, mama." Hakuitikia. Kwetu husemwa kwamba wafu hawaitikii salamu, lakini ndotoni sikukumbuka kwamba amekufa. Niliona tu kwamba amenikasirikia.

"Nataka kitabu," akasema.

Nilitaka kumwambia pita mama, pita ndani, hapa ni kwako. Kilichotoka mdomoni ni maneno ya kila siku. Nikamsogezea kikaratasi na kalamu, nikamwambia aandike jina la kitabu.

Anaichukua kalamu. Anaishika kwa ngumi, vile wanavyoishika watu wazima siku ya kwanza ya kisomo, yeye aliyewafundisha wote hao kuishika. Anakitazama kikaratasi muda mrefu. Halafu ananiinulia macho na kusema kwa sauti ambayo si yake:

"Silijui jina lake. Nilitaka niangalie tu."

Maneno hayo nilishayasikia nikiwa macho. Aliyasema mama mmoja muuza viazi, mwanafunzi wa mwisho wa Mama Sekela katika darasa la chumba cha nyuma. Alijifunza kusoma ukubwani. Kila Ijumaa, soko likiisha, alikuja na kuvua kandambili zake zenye udongo pale mlangoni, ingawa hakuna aliyemwamuru. Alikuwa anachomoa kitabu, anafunua, anatazama kama herufi ni kubwa za kumtosha, anarudisha, anachomoa kingine, mpaka apate chake. Vyote alivirudisha kichwa chini miguu juu, nami nilivigeuza nikinung'unika. Ijumaa ya kwanza baada ya kufunga rafu alifika kaunta, nikampa kikaratasi, naye akasema vile. Nikamjibu, tena kwa adabu kabisa, "Ukishalijua jina, mama, rudi." Akasema ahsante, akavaa kandambili zake. Hakurudi.

Nilipoinua macho tena kaunta ilikuwa imegeuka kitanda. Mama Sekela amelala, miguu imevimba chini ya blanketi, mkono wake umeshika wangu kama Jumapili ile. Najua atakachouliza. Nimeuweka ukweli tayari mdomoni, nangoja aulize ili safari hii nijibu sawasawa. Haulizi. Ananitazama tu, na dakika zinapita, na nje nasikia watu wakipanga viti vya msiba. Mwishowe nikashindwa.

"Mama, nilikudanganya."

"Najua, Gwamaka," akasema. "Nilitabasamu ili uende nyumbani ukalale."

Sijui kama nimewahi kuumia hivyo nikiwa macho. Miezi minane nilikuwa nikijifariji kwamba angalau alikufa ameridhika, kumbe hata hilo hakuwa nalo. Nilitaka kumwangukia miguuni, lakini miguu yake haikuwepo, wala kitanda, na baridi ilikuwa imetupiga usoni.

Tuko kwenye gari la maziwa. Linapanda katikati ya ukungu, madebe yanagongana nyuma, sanduku la vitabu liko katikati yetu, limezungushiwa waya. Gari linasimama kijijini. Watu wamejaa kando ya barabara, wametulia, wanatazama sanduku. Mama Sekela anapiga magoti chini na kuanza kuufungua ule waya kwa vidole. Haufunguki. Anavuta, anapinda, kucha zinakatika, damu inachuruzika juu ya mbao. Mfukoni mwangu mna koleo. Nalihisi lilivyo zito. Nikilitoa ni kazi ya nukta moja, na silitoi, kwa sababu nawaza, hawa watavipoteza. Yeye hageuki kuniomba. Anajua ninalo.

Kisha tumo ukumbini tena. Mama Sekela hayuko tena mbele ya kaunta, ameketi miongoni mwa wale watu, mikono yake yenye damu juu ya meza, na ndipo nilipoona kwamba mbele ya kila mmoja kuna kikaratasi kitupu. Wazee, wanafunzi, akina mama, wote niliwapa mimi. Kando yake kulikuwa na kiti kimoja wazi. Nikatoka kaunta nikaenda nikae, maana nilichoka, nilitaka tu kukaa karibu naye. Akaweka kiganja chake juu ya kile kiti.

"Mwenyewe hakungoja," akasema. "Mtafute."

"Nimtafute wapi, mama?"

Alinitazama jinsi alivyonitazama wiki ile ya kwanza, nilipofika kwake nimeshindwa ualimu na nina aibu. Hakuwa na hasira tena. Ningependa angekuwa nayo. Ukungu ukapanda kutoka mezani ukamfika kifuani, ukamfika shingoni, nami nikawa naita "mama, mama," sauti haitoki.

Niliamka nikilia. Mke wangu alikuwa ameshawasha taa na kuketi kitandani, ananitingisha bega.

"Baba Tusa! Baba Tusa, una nini?"

"Nimemwota Mama Sekela."

Yeye naye alimpenda. Akajifunga kitenge vizuri, akauliza kwa sauti ya chini, "Kasema nini?"

"Kasema nimtafute mama mmoja niliyemfukuza maktabani." Ilikuwa mara ya kwanza kulitumia neno hilo. Siku zote nilisema nilimwelekeza utaratibu. "Muuza viazi mmoja. Alikuwa akija Ijumaa. Hata sijui pa kuanzia."

Mke wangu akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa.

"Mwembamba hivi? Ana kovu la moto mkononi?"

"Ndiye huyo. Unamjua?"

"Si ndiye ninayenunua viazi kwake, pale mlango wa nyuma wa soko. Baba Tusa, mimi nilidhani ananitania. Kila nikienda lazima aniulize. Anasema, mama, nitajie jina la kitabu kimoja, chochote, chenye maandishi makubwa. Ati mzee wako aliniambia nikilijua nirudi. Mimi vitabu nitavijulia wapi? Nikawa nacheka, nachukua viazi vyangu naondoka. Anawauliza hivyohivyo na wateja wengine."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ukirudi jioni unataka kusikia habari za maktaba?"

Nilikaa ukingoni mwa kitanda, miguu juu ya sakafu ya baridi, nikimwaza mama yule akiuliza wanunuzi wa viazi huku akiwapimia, kopo la sadolini baada ya kopo, wiki baada ya wiki, jina la kitu ambacho nilikuwa nimekifungia nyuma ya meza yangu. Yeye alidhani kosa ni lake. Alidhani kuna jambo hajalijua bado, na akilijua nitamfungulia.

Dirishani palikuwa pameanza kupambazuka. Nikavaa sweta, nikafunga viatu. Nikamwambia Mama Tusa kwamba fundi akipiga simu amwambie asije, si leo tu, asije kabisa, na barua za kujieleza nitaziandika mwenyewe. Wakubwa hawatanielewa, hilo nililijua, na vitabu vitapotea, hilo pia nililijua. Kisha nikashuka sokoni nimkute kabla hajapanga viazi vyake, nimwambie kwamba jina halikuwa linahitajika, na kwamba nilijua hivyo hata siku ile nilipomsogezea kalamu.