Hodi Kutoka Chumba cha Mibangi

Kwanza nikuondolee hilo unalolifikiria: sikuvuta. Najua ukisikia neno bangi utacheka, utasema huyu naye, moshi ulimpanda kichwani. Wallahi mpaka leo sijatia hata sigara mdomoni. Yaliyonipata Hayes, kule London, yalinipata nikiwa na akili zangu timamu, mchana kweupe, tumboni nina chai na mkate. Sikuelezi ili unihurumie. Nakueleza kwa sababu na wewe umelelewa kupiga hodi.

Miaka ile, mwanzoni mwa elfu mbili, nilikuwa napakia mizigo usiku katika ghala moja karibu na uwanja wa ndege. Rafiki yangu alikuwa Makame. Tumetoka mtaa mmoja Wete, Pemba, tumesoma chuo kimoja cha Kurani, tumekula bakora za mwalimu mmoja. Yeye hakuwa na karatasi, na mtu aliyempokea mjini akampeleka kwa watu waliompa nyumba nzima akae bure. Bure! Umeona wapi nyumba ya bure London? Wakamchukulia pasipoti yake, wakamwambia ataipata siku mzigo utakapovunwa. Mzigo wenyewe ulikuwa juu, katika chumba kikubwa. Ilikuwa mibangi.

Makame alikuwa na mama yake tu huko Wete, na macho ya mama yalikuwa yanakwisha. Duniani alitaka jambo moja: arudi amwone mama yake wakati mama naye bado anaweza kumwona. Pasipoti ile ndiyo ilikuwa roho yake. Mzigo ukiharibika, hakuna pasipoti, na hakuna mama.

Asubuhi moja alinipandisha nikaone. Madirisha yamepigiliwa mbao na plastiki nyeusi, feni inavuma, taa kali mpaka macho yanauma. Taa zile zilijiwasha zenyewe jioni na kujizima asubuhi, kwa hiyo usiku wa mimea ile ulikuwa mchana wetu. Kabla hajafungua mlango, Makame akagonga, akasema, "Hodi." Kisha akajijibu mwenyewe, "Karibu."

Nikamcheka. "Yakhe, unawapigia hodi majani?"

"Cheka tu. Mimi nakaa wiki nzima sizungumzi na mtu humu. Na mama alinifunza, chumba hata kiwe kitupu, usikiingie kimya kimya."

Tulipoingia akaniambia nitazame. Taa zilikuwa bado zinawaka, kilibaki kitambo kidogo zizimike, lakini majani yalikuwa yameshaanza kulegea. Yaliinama moja baada ya jingine, kama mikono ya mtu aliyechoka.

"Unawaona?" akasema. "Taa haijazimwa, wao washalala. Na jioni ni hivyo hivyo, taa haijawaka washaanza kuamka. Nani anawaambia?"

Ningejua mimi? Akanieleza kwamba gizani hurefuka, na kwamba akilala chini huwasikia wakigusana. Giza lao halina mchezo. Ukifungua mlango wakati wamelala, ukaingiza hata mwanga wa simu, mmea jike unachanganyikiwa, unatoa maua ya kiume, unajitia mbegu wenyewe, na mzigo mzima umekwisha. Alikuwa akiitaja mimea ile kama watu, wanalala, wanaamka, wanasikia. Lilinikera jambo hilo, lakini mtu aliyefungiwa unamwachia hata maneno yake.

Sasa ikawa mgeni kafika kutoka Pemba, kafikia Tooting, upande mwingine wa London, na kaleta kikapu cha halua kutoka kwa mama yake Makame. Makame alikuwa haruhusiwi kutoka. Wale watu walikuwa wakipiga simu ya nyumba ile wakati wowote wautakao, na ilikuwa lazima iitikiwe. Akaniomba.

"Mchana mmoja tu, yakhe. Simu ikilia sema 'yes, boss', basi, ukate. Mlango wa juu nimeutia kufuli. Ufunguo chukua, lakini usiuguse."

"Wakisikia si sauti yako?"

"Hao hawaijui sauti yangu. Kwao sisi sote sauti moja." Akacheka, na ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kumwona akicheka. Ufunguo wa mlango wa nje nao ulikuwa mmoja tu. Akaniachia, akaniambia nijifungie kwa ndani, akaondoka na koti langu maana lake lilikuwa jepesi.

Nilikuwa nimetoka kazini. Nikakaa chini sebuleni kwenye kochi, pazia zimefungwa, simu ikalia mara moja nikasema yes boss, ikakatika. Nyumba ikatulia. Juu feni tu. Nikawa naisikia ile mimea kama alivyosema, mchakacho mdogo, kama mtu anayekunja karatasi taratibu. Usingizi ukaanza kunivuta.

Ndipo mlango wa juu ukagongwa.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya Makame. Niambie ukweli, wewe ungefanya nini? Mtu wa kwetu haiachi hodi isubiri. Hata akiwa amelala, hata akiwa anaumwa, ulimi unajibu kabla ya akili. Na ulimi wangu ulijibu.

"Karibu."

Nilipolisikia neno langu mwenyewe ndipo nikaamka sawasawa. Makame yuko Tooting. Ufunguo uko mfukoni mwangu. Na ile hodi imepigwa kutoka ndani ya chumba. Nani anapiga hodi akiwa ndani?

Sikusikia kufuli ikifunguliwa. Nilisikia ngazi. Alishuka polepole, mguu ukitafuta kidato kabla ya kukanyaga, mpaka akatokea mlangoni pa sebule. Alivaa kikoi cha Makame. Uso ni wa Makame, lakini shingo ilikuwa ndefu kupita ya mtu, na ngozi imepauka kijani, kama nyasi ukiinua jiwe lililokaa juu yake siku nyingi. Macho yamefumba. Mikono imelegea, vidole vyote vinatazama chini.

"Kumekucha?" akauliza.

Niamini, nilimjibu. Nilisema, "Bado," kwa sauti nyembamba nisiyoijua kuwa ninayo.

"Nipe maji."

Nikampa jagi lililokuwa mezani. Hakulipeleka mdomoni. Alijimiminia miguuni, taratibu, mpaka likaisha, halafu akaenda kwenye godoro la Makame pale pembeni, akakaa, kichwa kikaanguka kifuani. Maji yalibaki kidogo tu kwenye zulia. Mengine sijui yalikwenda wapi. Nilikuwa nimeganda kwenye kochi, nasoma kila nilichohifadhi chuoni na kila kitu kinanikatikia katikati.

Sijui nilikaa muda gani vile. Kilichofuata ni mlango wa nje.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ile ile. Kweli kabisa, hakuna tofauti hata ya nukta. Nikamtazama yule wa kwenye godoro, mdomo wake umefungwa. Nikafungua wangu nijibu, na neno halikutoka. Utasema mbona, yule ni rafiki yako, karudi, mfungulie. Rahisi kusema. Mimi nimeshaijibu hodi moja kwa sauti hiyo hiyo na nimeona kilichoshuka ngazi. Ningejuaje huyu wa nje ni nani?

"Hodi! Yakhe, umelala?"

Kitundu cha barua kikafunguliwa. Nikaona mwanga mdogo wa nje ukiingia sakafuni mwa ukumbi, na harufu ya iliki ikaingia nao. Ilikuwa halua. Moyo ukaniambia huyu ndiye, simama. Sikusimama. Na sisi tumefunzwa, hodi ni tatu. Usipojibiwa, geuka uende zako, usiwalazimishe wenye nyumba.

"Hodi," akasema mara ya tatu, sasa kwa unyonge.

Yule wa kwenye godoro akainua kichwa, macho bado kafumba, akajibu kwa sauti ya Makame, "Mwenyewe kesharudi."

Nje nilimsikia akivuta pumzi, wallahi nilimsikia. Mtu akisikia sauti yake mwenyewe inamjibu kutoka ndani ya nyumba yake, atasema nini? Kitundu cha barua kikafungwa polepole. Halafu nikasikia viatu vinakwenda, vinakwenda, basi.

Jioni, kabla hata taa za juu hazijawaka, yule wa kwenye godoro alianza kuinuka. Mikono ikapanda, vidole vikanyooka, shingo ikarudi kuwa ya mtu, na alipofumbua macho yalikuwa macho ya Makame niliyoyajua tangu utoto. Akaniambia kwa adabu, "Ahsante, yakhe. Nenda ukapumzike."

Nilifungua mlango wa nje. Kikapu cha halua kilikuwa kizingitini, na koti langu limekunjwa vizuri juu yake.

Nilimtafuta. Tooting wakaniambia aliondoka kwao mapema, kachangamka, anaimba. Polisi ningewaambia nini? Kwamba mtu asiye na karatasi amepotea, lakini yuko nyumbani? Baada ya mzigo kuvunwa nilikwenda tena pale. Watu wale walitimiza ahadi yao, hebu fikiria, pasipoti ilikuwa juu ya meza. Ina vumbi.

"Mbona huendi?" nikamuuliza yule mwenye uso wa Makame. "Mama anakusubiri."

"Niende wapi?" akasema. "Hapa wamepanda mingine."

Niliichukua mimi ile pasipoti. Ninayo mpaka leo, muda wake umekwisha zamani. Mama yake alikuwa akinipigia, macho yameshazima kabisa wakati huo. Akaniambia mwanawe humpigia simu, lakini hamwulizi hali, wala hamtaji mtu. Humwuliza tu kama kumekucha. "Huko kwenu hakuchi, mwanangu?" akaniuliza. Nilimdanganya kwamba ni kwa sababu ya baridi. Akafa akiingojea sauti nyingine, na haikuja.

Nyumba ile baadaye ilivunjwa mlango na polisi. Wakakuta mimea, mtu hawakumkuta. Chumba kilikuwa na kufuli kwa nje.

Nimeshahama mara nyingi. Sikai tena na mtu, na sijamwambia mtu yeyote "karibu" tangu siku ile. Watoto wa ndugu zangu wakija hunipigia simu kutoka barabarani, nawafungulia bila neno, nao wanadhani mjomba ana kiburi. Lakini wewe nakuusia: hodi hupigwa na aliye nje. Ukiisikia kutoka ndani ya chumba, uma ulimi wako mpaka utoke damu, usijibu.

Na ukiisikia kutoka nje? Hapo sina la kukuambia. Mlango wangu hupigwa hodi mara kwa mara, mchana, kwa sauti ya Makame. Huenda ni yeye, amechoka kutembea, anataka kuingia. Huenda siye. Jana amepiga zote tatu, kwa unyonge ule ule, na nilisikia harufu ya iliki. Nilikaa kimya mpaka akaondoka.