Nyumba Niliyoikagua Migosi

Hii habari siipendi, na mume wangu akianza kuisimulia mbele ya wageni mimi huondoka nikaenda jikoni, lakini leo wacha niiseme mwenyewe kabla hajaongeza chumvi. Miaka ya themanini ikielekea mwisho, nilikuwa nauza mchele wa Ahero sokoni Kisumu, nikataka kununua nyumba ya kupangisha huko Migosi. Mwenye kuuza, Mzee Ouma, aliniambia tuonane barabarani saa nne anipeleke, nyumba ni ile yenye geti la buluu. Mimi nikajitia ujanja, nikaenda saa mbili, peke yangu, nimkute hajapata nafasi ya kuficha nyufa. Nikaona geti la buluu, nikabisha.

Mama mmoja mzee akanifungulia, akanikaribisha vizuri (alidhani nimetumwa na manispaa kukagua vyoo, na mimi nikadhani yeye ni mpangaji), basi nikakagua! Nikafungua mifereji yote, nikagonga kuta, nikachoma fremu za milango kwa kisu kutafuta mchwa, nikapanda meza yake na viatu vyangu vya matope nikachungulia dari, na yeye maskini ameishikilia meza nisianguke. Nikashuka nikamwambia, "Mama, nyumba ni nzuri. Mkihama mwisho wa mwezi, hilo jiko nitalibomoa."

"Tuhame twende wapi?"

"Kwani hamkuambiwa? Nyumba inauzwa."

Akakaa chini, pale pale sakafuni. "Uwi! Ochieng' ameuza nyumba yangu! Mtoto wangu mwenyewe!"

Majirani wakajaa, mmoja akaninyang'anya kisu, mwingine akakimbia dukani kumpigia huyo Ochieng' simu Nairobi amtukane, na katikati ya kelele hizo nikamsikia Mzee Ouma akiniita kutoka geti la pili, la buluu vilevile (jamani, nani alipaka mageti mawili rangi moja?): "Mama Atieno! Huko unafanya nini? Nyumba ni hii!"

Nilimpigia yule mama magoti. Halafu, mtaa mzima ukinitazama, nikapita kwa Mzee Ouma mbio mbio, nikasema ndiyo, nzuri, nachukua, hata dari sikuinua macho kuiangalia. Mvua ya kwanza ilinyesha ndani sawa na nje. Kwa yule mama, ambako nilikagua mpaka misumari, halikudondoka hata tone.

Siku hizi hata nikienda kununua kuku, nasimama nje kwanza niulize, "Samahani, hapa ni kwa nani?"