Mayai Kumi na Moja Kwenye Stoo ya Makaa

Harufu ya kuku anayeatamia haifanani na ya kuku mwingine yeyote. Ni harufu ya manyoya yenye joto, ya vumbi na ya maganda makavu ya mahindi. Kwetu Kitale ilichanganyika na harufu ya makaa yaliyonyeshewa, kwa sababu kuku wangu alitagia ndani ya stoo ya makaa iliyoegemea ukuta wa nyuma wa nyumba yetu ya kupanga. Agosti ya Kitale ina baridi yake: asubuhi ukungu unashuka kutoka upande wa Mlima Elgon, adhuhuri jua linachungulia kama mtu mwenye haya, na alasiri mvua inamaliza siku. Shule zilikuwa zimefungwa, mahindi mabichi yalichomwa kila kona, na mtoto wa miaka kumi hakuwa na kazi ila kuuliza maswali. Mimi niliuliza mengi kiasi kwamba Baba aliwahi kusema siku nitakayolala bila swali atanipeleka hospitalini.

Kuku mwenyewe aliletwa na Kukhu, mama yake Baba, alipokuja kututembelea kutoka Chwele. Alikuwa kuku mwekundu mwenye shingo tupu, amefungwa mguu kwa kitambaa kilichochanwa kutoka leso kuukuu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wahenga walisema, nami nikataka kujua kwa nini iwe mguuni na si shingoni kama ya mbuzi. "Jaribu shingo," Kukhu akanijibu, "halafu kesho uniambie kama ameamka." Kisha akanieleza masharti. Kwao kuku hutolewa kwa nusu: unapewa umtunze, akitotoa mnagawana vifaranga, na mama yao anarudi kwa mwenyewe. Kabla ya hapo sikuwahi kumiliki chochote. Nguo zilitoka kwa dada, na hata jina langu, Nekesa, lilikuwa la shangazi aliyefariki kabla sijazaliwa. Yule kuku alipomaliza kutaga, na Kukhu akahesabu mayai kumi na moja chini yake na kusema nusu ya watakaotoka ni wangu, nilisikia kitu kikisimama wima kifuani. Siku ile ilikuwa Jumapili. Nilichora mstari wa kwanza wa makaa ukutani, kwa maana Kukhu alisema ni siku ishirini na moja. Nilimuuliza kwa nini si ishirini. Akasema nimuulize kuku.

Ijumaa yake karatasi ikabandikwa kwenye lango la ploti. Ilisema kufuga kuku ndani ya mji ni kosa, na wapangaji wote walikuwa na siku kumi na nne kuwaondoa, kabla bwana afya hajaja kukagua. Sisi wapangaji tulikuwa familia tatu tu, na kila mmoja alijua nani alishtaki na kwa nini. Mwalimu, mzee mstaafu wa mlango wa kwanza, alikuwa hapati usingizi kwa sababu ya jogoo wa Mama Njeri. Mama Njeri, ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri na ambaye aliuza viazi sokoni Kiminini, alimwita jogoo huyo Diwani, kwa kuwa alipiga kelele sana na hakuna aliyeona kazi yake. Diwani aliwika saa kumi alfajiri, akarudia saa kumi na nusu, kisha akaendelea mpaka Mwalimu atoke nje na kandambili mkononi.

Nilifanya hesabu mara tatu nikitumaini ingebadilika. Siku tano za kuatamia zilikuwa zimepita. Ukiongeza kumi na nne unapata kumi na tisa. Tulipungukiwa na siku mbili. Baba alikuwa karani wa serikali aliyeogopa barua yenye mhuri kuliko nyoka, na akatamka kwamba mtumishi wa umma hawezi kupatikana na kosa la kuku: siku ya kumi na nne ikifika, yule mwekundu atarudi Chwele, mayai ndani ya kikapu. Kukhu akatikisa kichwa. "Kuku akihamishwa anakasirika. Anaacha mayai." Nikauliza kwa nini aache watoto wake kwa sababu ya safari ya saa moja na nusu. "Wewe mtoto," akasema, "ulihamishwa ukiwa tumboni?" Nikamkumbusha kwamba Mama alihama kutoka Bungoma akiwa na mimba yangu. Akaitikia kwa kichwa. "Si ndiyo sababu una maswali hivi."

Wiki mbili zile nilikaa mlangoni mwa ile stoo kama askari wa benki. Nilijifunza kwamba kuku anayeatamia hutoka mara moja tu kwa siku, anakula kwa pupa, anaoga vumbi, kisha anarudi mbio kama mama aliyeacha maziwa jikoni. Nilijifunza kwamba huyageuza mayai kwa mdomo, moja baada ya jingine, na sikuelewa nani alimfundisha. Mwana wa kuku hafunzwi kuchakura, ndiyo, lakini hakuna methali iliyonieleza anajuaje. Baba kila jioni alihesabu mistari yangu ukutani na kuondoka. Mara moja tu nilimwona akimwekea yule kuku punje za mahindi, akatazama nyuma, akaniona, akajifanya anatafuta makaa.

Ijumaa ya ukaguzi Baba aliamka mapema, akafagia uwanja mwenyewe, akaokota unyoya mmoja mmoja, akaenda ofisini akisema atarudi na bwana afya saa sita ili amwongoze kwa heshima. Kikapu cha safari kilikuwa tayari mlangoni, na ndani yake mkungu mdogo wa ndizi za kupeleka Chwele. Alichosahau ni kumwambia mama yake asifanye lolote. Na Kukhu alikuwa amesikia jambo moja tu la maana: kuna mtu anakuja nyumbani kwa mwanawe kwa mara ya kwanza. Alijua vizuri kazi ya mtu huyo ni nini. Hilo kwake halikubadilisha chochote. Mtu akivuka mlango wako mara ya kwanza, anachinjiwa kuku, na kama huna unaazima kwa jirani. Akaenda kwa Mama Njeri.

"Nipatie Diwani," alisema. "Nitakuletea mwingine kutoka Chwele, mkubwa kuliko huyu."

"Huyo mwingine anawika?"

"Nitakuchagulia mpole."

Mama Njeri akacheka hadi akashika ukuta. "Mchukue tu. Hata mimi nimechoka, bana, ni vile nilikuwa sitaki Mwalimu ajue."

Kukhu hakutaka kuchinja mwenyewe. Katika ujana wake mwanamke alifuga kuku, akampika kuku, na hakumla. Siku hizi alikula shingo bila kumwomba mtu ruhusa, lakini kisu aliona bado ni cha mwanamume. Mwanamume pekee aliyekuwepo mchana ule alikuwa Mwalimu. Akaombwa. Sijawahi kuona mtu akikunja mikono ya shati kwa furaha ile. Alinoa kisu kwenye jiwe la ngazi taratibu, kama aliyesubiri mwaka mzima, na kwa kweli alikuwa amesubiri.

Kwa hiyo Baba alipoingia langoni saa sita na bwana afya, uwanja alioufagia ulikuwa umejaa manyoya mekundu na meusi, maji ya moto yalifuka kwenye beseni, Kukhu alikuwa akimnyonyoa mshtakiwa, na mlalamikaji alikuwa akiosha damu mikononi. Uso wa Baba ulikuwa kama karatasi ya lango. Bwana afya, kijana wa Tongaren, kule Bungoma, aliyevaa koti la kahawia lililompita ukubwa, alisimama na daftari lake.

"Mama, hiyo kuku ndiyo ushahidi," alisema kwa upole.

"Ushahidi utaiva saa saba," Kukhu akajibu. "Kaa hapo kwa kivuli."

"Mimi niko kazini, Mama."

"Kwani kazini hamkuli?"

Alikaa. Sidhani kuna mtoto wa Bungoma ambaye angeendelea kusimama. Chakula kilipoletwa, Kukhu akamwekea yeye firigisi, kipande cha mgeni wa heshima, na akasimama pale akimtazama mpaka akitafune. Mwalimu alipewa paja. Alilila bila haraka, akafuta midomo, akasema, "Leo amenyamaza," na hata Baba, aliyekuwa hajagusa ugali wake, alicheka kidogo.

Ndipo bwana afya akafungua daftari na kuuliza kama kuna kuku mwingine. Mama Njeri alitazama juu. Baba alitazama viatu vyake. Mimi sikujua kudanganya. Si kwamba nilikuwa mwema. Sikuona tu vipi swali la wazi liachwe bila jibu. "Yuko mmoja," nikasema. "Kwenye stoo ya makaa. Amebakisha siku mbili." Kikapu kile kilikuwa mlangoni, nami nilihisi nimemtia kuku wangu ndani yake kwa mdomo wangu mwenyewe.

Alinifuata hadi pale, akapiga magoti na koti lake kwenye makaa. Yule mwekundu akavimba akawa mkubwa mara mbili, akatoa mngurumo wa chini. Bwana afya akahesabu mistari yangu ukutani kwa kidole. Kisha akamwita Mwalimu. "Mzee, huyu pia ulishtaki?" Mwalimu akainama, akatazama ndani. "Mimi nilishtaki kelele. Huyu sijawahi kumsikia." Bwana afya akaandika kitu, akafunga daftari, akasema atarudi Jumatatu kumaliza ukaguzi.

Jumapili tulirudi kutoka kanisani na kusikia mlio mwembamba kutoka stoo. Nilitupa Biblia yangu mikononi mwa Mama nikakimbia. Tisa walikuwa wametoka, wengine bado na unyevu, mmoja akiwa amevaa kipande cha ganda kichwani kama kofia. Mayai mawili hayakuanguliwa. Ploti nzima ilipanga mstari kuchungulia, na Mwalimu akarudi mara tatu. Baba aliingia nyumbani, akautoa ule mkungu mdogo wa ndizi uliokuwa ndani ya kikapu, akatugawia. Kukhu akagawa kwa haki: wanne wake, wanne wangu, na wa tisa akasema ni wa mgeni, kwa kuwa mgeni aliyechinjiwa haondoki mikono mitupu. Jumatatu bwana afya akaja. Alionyeshwa kifaranga chake, akakishika kiganjani, akasema bado ni kidogo kubebwa. Alirudi kukikagua Jumatatu nyingi zilizofuata.

Nilipofika chuo kikuu na kusoma juu ya sheria na wanaoisimamia, swali lilinijia: je, ile haikuwa rushwa? Nilimpigia Baba simu. Akasema, "Alikuwa mgeni." Nikasema mgeni mwenye daftari. Akakohoa, akaniuliza kama nimekula. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema, na sisi tulipona, lakini bado sijui ni wapi pa kuchora mstari kati ya ukarimu na mlungula. Najua tu kwamba sheria iliyoweza kulegezwa na firigisi ilikuwa sheria mbovu, na kwamba nyumba isiyokuwa na Kukhu ingempoteza kuku wake.

Sasa naishi mjini Bungoma, na mwaka huu mtaa wetu uliitwa mkutanoni kutoa maoni kuhusu sheria mpya ya kufuga kuku mjini. Pendekezo ni zuri, hata mimi niliyezoea kutafuta kasoro nilikosa pa kushika: kuku wachache kwa kila nyumba, banda safi, bila jogoo. Mzee mmoja akauliza kama afisa akija atapewa chai. Afisa, mwanamke mchanga kuliko mimi, akasema haruhusiwi hata maji. Watu wakacheka, mimi nikapiga makofi. Ni afadhali hivi. Nikachukua fomu ya kuomba kufuga, nikaijaza haraka hadi mstari wa mwisho, unaotaka majina na sahihi za majirani wawili waliokubali. Nimekaa nyumba hii miaka miwili. Sikujua jina hata moja.

Nilibisha mlango ulio mkabala na wangu jioni hiyo. Mwanamke alifungua akiwa na mwiko wa ugali mkononi, akasoma fomu kuanzia juu hadi chini, akasema hana kalamu na mikono yake ina unga. Kisha akasogea pembeni. "Ingia kwanza tule," alisema. "Hayo ya kuku tutaongea ukishashiba."