Mtaa Aliouchagua Mama Mashine

Wanawake wenzangu wakikaa kusukana na kuanza kuwasema mama wakwe zao, mimi huwa nawaharibia mazungumzo. Mmoja atasema wake anafunua masufuria, mwingine atasema wake anahesabu vijiko, na wakinigeukia mimi nawaambia wangu ni dhahabu, anayebisha aje amwone. Wananiambia nimelishwa kitu. Sijalishwa kitu. Aisifuye mvua imemnyea, na mimi nimelowa chapachapa.

Watu walimwita Mama Mashine. Alifiwa na mume mapema, akabaki na mtoto mmoja mgongoni, ambaye ndiye huyu mume wangu. Akapata kazi ya kufagia vumbi la unga kwenye mashine ya kusaga nafaka katika mji wetu mdogo. Siku moja mwendesha mashine aliumwa, yeye akaambiwa ashike nafasi yake mpaka jioni, na jioni hiyo haikufika mpaka alipozeeka. Alisagia mji mzima. Alirudi nyumbani nyusi nyeupe kama bibi kizee akiwa bado kijana, akanawa, akapika, akamkagua mwanawe madaftari, kesho akarudi kwenye ngurumo yake.

Ndani ya chumba cha mashine sauti ya mtu haifiki popote, kwa hiyo pale watu walizungumza kwa midomo na mikono. Mama alikuwa bingwa. Aliweza kumuuliza mteja wa mwisho kwenye foleni kama mtoto wake amepona, akajibiwa, akatoa pole na ushauri, na hakuna aliyetoa hata mnong'ono. Mume wangu alijifunza lugha hiyo juu ya magunia kabla hajajua kusoma. Ila mashine nayo ilichukua chake. Ilimlea mwanawe, kisha ikaondoka na masikio ya Mama, leo kidogo na kesho kidogo, mpaka akabaki na sikio moja linalosikia radi na jingine lisilosikia kitu.

Nyumbani kwao basi kulikuwa na namna mbili za kuzungumza: kwa midomo bila sauti, au kwa kupaza sauti kama watu waliotenganishwa na mto. Siku nilipopelekwa kutambulishwa, niliwakuta mama na mwana wanafokeana huku wanarusha mikono, nikajua nimekataliwa, nikaanza kutafuta mkoba wangu. Kumbe walikuwa wanaulizana kama chai ina sukari.

Mume wangu ni fundi wa lifti. Mji wetu mdogo ulikuwa na lifti moja tu, nayo ilikuwa mbovu muda mwingi kuliko ilivyokuwa nzima, kwa hiyo alipopata kazi katika jiji kubwa tulifungasha. Mashine ya kusaga ilikuwa imeshauzwa na Mama alikuwa amestaafu. Hatukuweza kumwacha. Miezi michache kabla alikuwa ameteleza kwenye ngazi za uani akavunjika mkono. Aliita msaada, jirani akamwitikia kutoka nyuma ya ukuta kwamba anakuja, na yeye hakusikia, akadhani hakuna mtu. Akajiburuta hadi barabarani na mkono umening'inia. Tangu siku hiyo mimi nilikuwa nikimfikiria peke yake katika nyumba ile, usingizi unaniruka.

Lakini Mama ana kichwa chake. Alisema anakuja kututazama tu. Akipaweza atakaa, asipopaweza anarudi kwake, na tusimbembeleze kama mtoto.

Kwa hiyo tulipoanza kutafuta mtaa wa kukaa, hatukuwa tunatafuta nyumba tu. Tulikuwa tunatafuta mahali ambapo Mama angekubali kubaki.

Dalali tuliyempata alikuwa na maneno mengi kuliko nyumba. Kila mtaa aliotupeleka ulikuwa karibu na kila kitu, hata ule ambao tulitembea mpaka viatu vikalalamika. Mwishowe alitufikisha kwenye mtaa wenye miti iliyokatwa sawasawa, mageti yaliyopakwa rangi, na kimya cha kukutisha. Dalali mwenyewe alishusha sauti. Alituambia kwamba pale hata mbu hupiga hodi.

Mume wangu aliupenda papo hapo. Nilijua sababu, na hata leo simlaumu. Alilala utotoni mwake kwenye ngurumo, na sasa anashinda kwenye mashimo ya lifti akisikiliza mota. Aliniambia Mama amekula kelele maisha yake yote, sasa ni zamu yake kula utulivu. Nilimuuliza Mama anaonaje. Akamtazama mwanawe usoni, akaona ile furaha, akasema pazuri. Tukachukua nyumba.

Ndipo nilipojifunza kwamba nyumba njema si mlango. Kwenye mtaa wa kimya, watu huzungumza kimya. Wanabana midomo, wanatabasamu kidogo, wanaongea na kifua cha shati lao. Mama angesimama getini, jirani apite amsalimie kwa adabu zote, na yeye aone mdomo umetikisika tu kama wa mtu anayetafuna kokwa. Akiuliza alichoambiwa, sauti yake inapasua mtaa, na jirani anarudi nyuma. Alikwenda dukani, muuzaji akamjibu huku ameinamia simu yake. Alirudi bila sabuni aliyoifuata, akaniambia ameghairi.

Hata hivyo jioni zilikuwa zetu. Tulikaa mezani, Mama akasimulia vituko vya wateja wake wa zamani, mume wangu akabisha, mimi nikachochea, na tukapiga kelele kwa raha zetu. Jioni moja, katikati ya kisa cha punda aliyeingia kwenye foleni ya unga, mlango ukagongwa. Alikuwa mwenyekiti wa mtaa na majirani wawili, nyuso zimejaa huruma. Mwenyekiti alituambia kwa upole kwamba wamekuja kwa amani, kwamba kila ndoa ina misukosuko, na kwamba wamevumilia kelele za ugomvi kwa wiki nzima wakaona sasa maji yamezidi unga.

Mume wangu alieleza. Mimi nilitaka kueleza pia, ila kwa maneno ambayo mwenyekiti asingeyasahau, mume wangu akanikanyaga mguu. Mama alikuwa anatazama midomo yao iliyobanwa na hapati kitu. Akauliza kwa sauti yake ile, "Wanasemaje?" Mmoja wa wale majirani akashtuka akashika kifua. Mama aliona. Hakuhitaji tena kutafsiriwa.

Kuanzia siku ile alinyamaza. Asubuhi alikaa dirishani, mchana alikaa dirishani. Mezani alitazama sahani. Ukimuuliza kitu anatikisa kichwa, ndiyo au hapana, basi. Mwanamke aliyezungumza na foleni nzima bila kutoa sauti alikosa mtu hata mmoja wa kuzungumza naye. Iliniuma kama ananyamazishwa mama yangu mzazi. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe ulikuja: akatuambia mwisho wa mwezi tumkatie tiketi, anarudi kwake.

Mume wangu alisema tutaongea naye atulie. Nikamwambia hajatulia vya kutosha? Amekaa kimya hadi anaota kutu. Sikio la kufa halisikii dawa, nikamwambia, na hapa simsemi mama yako.

Siku mbili baadaye nilikuwa nakwenda kununua nywele za kusukia kwa bei ya jumla, upande wa pili wa jiji. Nilimwomba Mama anisindikize anisaidie kubeba. Sikuwa na hila yoyote, nilitaka tu atoke dirishani. Duka la nywele lilikuwa mwisho wa mtaa wa mafundi, na kulifikia ilibidi tuupite mtaa mzima. Huku maseremala wanapitisha mbao kwenye randa za umeme, kule wachomeleaji wanakata vyuma vya mageti, na katikati watengeneza masanduku ya bati wanagonga kama wamekosewa na bati. Nilijiziba masikio. Nikawaza nimemleta mzee wa watu kwenye balaa.

Nilipogeuka, Mama alikuwa amesimama na anacheka. Mabega yanaruka.

Nilitazama anachokicheka. Upande mmoja wa barabara mwanamke muuza chai alikuwa ameshika birika, upande wa pili kijana seremala anapiga msasa kitanda kilichonakshiwa. Midomo yao ilikuwa inachapa kazi, mikono inapaa, na mimi sikuambulia neno. Mama akanishika bega akanipa tafsiri: yule mama anamwambia kijana, kitanda cha harusi umekiremba mwaka wa pili huu, na posa hujapeleka. Kisha, kabla sijajibu, Mama akainua mkono kuwaita wamtazame, akawatupia lake kwa midomo, bila sauti, kuvuka barabara nzima.

Muuza chai aliweka birika chini ili acheke vizuri. Seremala akajifunika uso kwa msasa. Hata wa masanduku alisimamisha nyundo. Nikamuuliza Mama amewaambia nini. Akanijibu, "Nimewaambia huyo ameshaoa, ameoa mbao."

Walituita tukae. Mama alipewa kigoda na chai, na pale akakaa akizungumza na watu watano mara moja, wa karibu na wa mbali, wote wakimwelewa na yeye akiwaelewa, kwa sababu katika mtaa ule kila mtu amezoea kufungua mdomo wote na kumtazama usoni anayezungumza naye. Hakuna aliyerudi nyuma. Hakuna aliyejua kwamba hasikii, maana pale hakuna anayesikia. Mimi, mwenye masikio yangu mawili mazima, ndiye niliyekuwa nimekaa kama gunia, namvuta nguo kila dakika anieleze kinachoendelea. Nilijisikia fahari iliyonijaa mpaka kooni. Nilitaka yule mwenyekiti wa mtaa apite.

Muuza chai alituambia kuna nyumba inapangishwa juu ya ghala la mbao. Tulipanda kuiona. Vyumba vitatu, kuta zinataka chokaa, dirisha kubwa linaloangalia barabara, na sakafu inayotetemeka kidogo kila randa inapowashwa. Mama alivua viatu. Alisimama katikati ya chumba kwa miguu mitupu, kisha akaniuliza jiko liko upande gani. Sikumuuliza kama atakaa. Alikuwa amesema asibembelezwe.

Mume wangu hakutaka hata kusikia. Aliniuliza kama nina akili timamu, kumtoa mama yake penye hewa safi nimpeleke penye vumbi la mbao. Akasema watu watamshangaa, mtoto gani anampandisha mzee wake kwenye kelele. Hapo nilimjibu bila kupunguza makali. "Ule utulivu uliununua kwa ajili ya masikio yako. Mama yako haumfai kitu. Yeye anasikia kwa macho, na wewe umempeleka kwa watu wasiofungua midomo." Alikwenda kukaa nje, na nilijua limemwingia kwa sababu anapokasirika kweli hubaki anabishana.

Jumamosi alikubali kuja kutazama, akisisitiza kwamba ni kutazama tu. Hatukupiga hatua kumi ndani ya mtaa kabla hajaanza kupunguza mwendo. Muuza chai alimpungia Mama, seremala akamuuliza kitu, wa masanduku akamtania, na Mama akawajibu wote huku anatembea kifua mbele kama mwenye mtaa. Akamshika mwanawe mkono akamwonyesha kwao mmoja mmoja: huyu ndiye wangu, fundi wa lifti. Nilimwona mume wangu anamtazama mama yake. Nadhani alikuwa anamwona yule Mama Mashine wa enzi za magunia.

Tulipanda juu. Chini yetu randa zote zilikuwa zimewashwa na chumba kizima kinanguruma. Mume wangu alifungua mdomo kusema, akakumbuka kwamba hakuna haja ya sauti. Akasimama mbele ya mama yake, akamuuliza kwa midomo, polepole, neno moja baada ya jingine, nami nikayaona yote:

"Mama, mwisho wa mwezi unarudi kweli?"

Mama akamtazama. Kisha akajisogeza kidogo ili na mimi niuone mdomo wake.

"Nirudi wapi tena?" akasema. "Nimeshafika."

Nilishuka ngazi kumwita mwenye nyumba kabla mume wangu hajamaliza kufuta macho.