Ngazi Kumi za Kwenye Simu

Ghorofa saba, ngazi mia moja ishirini na sita, kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa: hizo ndizo zilizomla kiuno Bi Deki. Jina hilo walimpa wafanyakazi wa jengo kwa utani, naye alilipenda, maana hakuna aliyepiga deki akamfikia.

Dawa alizimeza mpaka tumbo likakataa. Daktari akamwambia haya ni maumivu ya kuishi nayo, maneno mepesi kwelikweli kwa asiyeumwa. Msimamizi naye alikuwa amempa mwezi mmoja: apande ngazi kama zamani au ampishe mwingine.

Ndipo bintiye akamwekea kwenye simu programu ya kulaza akili.

"Unafumba macho, mama, unasikiliza. Sauti inakushusha ngazi kumi, polepole. Ukifika chini, maumivu umeyaacha juu."

"Ngazi tena? Aliyeitengeneza ana ugomvi gani na mimi?"

Lakini akajaribu, angefanya nini? Kila jioni alijinyoosha kwenye kochi, na sauti ya kike, laini, ikaanza kuhesabu. Ya kwanza, salama. Ya pili, akaona vumbi pembeni. Ya tatu, mtu kamwaga chai. Basi hapo hapo, ndani ya kichwa chake mwenyewe, Bi Deki akainama na tambara. Sauti ilipofika kumi, yeye bado yuko ya nne anakamua, kiuno kinawaka moto.

"Mama, ziache! Hazipo hizo!" Binti, aliposimuliwa, alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Niuache uchafu nauona? Watu wapite wapi?"

Mwezi ukaisha. Ijumaa msimamizi akapokea funguo za stoo na kumshukuru kwa sentensi mbili, ya pili akiwa ameshageuka.

Jioni ile alijilaza kwa mazoea tu. Vumbi lilikuwepo, chai ilikuwepo. Akazipita ngazi zote, hazikuwa zake tena. Nane, tisa, kumi. Kwa mara ya kwanza akafika chini, na kweli kiuno kikanyamaza, akasikia maneno ambayo hakuwahi kuyafikia.

"Pumzika," sauti ikasema kwa upole. "Hapa huna kazi ya kufanya. Hakuna anayekuhitaji."

Kilio chake kikamtoa binti mbio jikoni.

"Kiuno, mama?"

"Hapana, mwanangu. Kiuno hakiumi kabisa."